Mfumo Unasema Upo Ndani

Kuna siku nilitafutwa ndani ya jengo linalowaka moto, wakati mimi nipo nyumbani kwangu nimevaa bukta, nakunywa chai.

Usicheke kwanza. Kuna mtu alikaribia kufa siku hiyo.

Na usikimbilie kuniita mtoro. Soma mpaka mwisho ndipo utoe hukumu. Najua watu wa mtandaoni kwa kuhukumu hamjambo.

Mimi nafanya kazi kampuni ya bima, kitengo cha madai ya moto. Mtu nyumba yake ikiungua, analeta maelezo na picha, mimi nasoma na kuchimba kama anasema kweli. Kwa kifupi, nalipwa mshahara ili nisiamini watu.

Meza yangu iko stoo. Ofisi zilipojaa, nilihamishiwa "kwa muda" kwenye chumba cha mafaili ya zamani, ghorofa ya pili, mwisho kabisa wa korido. Hiyo kwa muda ikaota mizizi. Watu wakaniita Bwana Stoo, kuanzia mkurugenzi mpaka mfagiaji.

Sikulalamika. Stoo kuna utulivu, na ukichungulia dirishani unaiona nyumba ninayopanga, hapo hapo ng'ambo ya kichochoro. Nikiwa kwenye kiti cha kazi naweza kuona kama mvua imenilowanishia nguo kambani.

Balaa lilianza ulipoletwa mfumo.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Laptop yako ya kazi ikishika waifai ya ofisi, jina lako linapata nukta ya kijani: yupo. Waifai ikikatika, kijani kinazima, nukta inakuwa nyekundu: hayupo. Kusaini asubuhi kukafutwa, kuonana kukafutwa, salamu nazo zikapungua.

Msimamizi wake alikuwa mama mmoja wa utumishi, mnyoofu kama rula, anayetembea na tableti mkononi saa zote. Tukampa jina la Bi Nukta. Alikuwa na msemo wake mmoja, anautoa hata kama hujamuuliza kitu: "Asiyekuwepo na lake halipo."

Sasa waifai ya ofisi ilikuwa inakata roho katikati ya korido. Ikifika stoo imebaki harufu tu. Kuta nene, makabati ya chuma yamejaa mafaili hadi darini. Laptop yangu inashika, inaachia, inashika, inaachia, halafu inakata tamaa kabisa.

Nukta yangu ikawa nyekundu kutwa nzima. Nami nimekaa pale pale, mgongo unauma kwa kazi.

Nikapewa onyo la kwanza kwa utoro.

Nikaenda ofisini kwake mbio.

"Bi mkubwa, mimi nakuja kazini kila siku. Hata sasa hivi si unaniona?"

"Sasa hivi nakuona. Tunazungumzia siku ambazo hukuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa stoo."

"Mfumo hausemi hivyo, baba."

"Basi twende, ni hapo mwisho wa korido. Njoo uone ninapokaa."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeomba mwezi.

"Nikianza kuzunguka meza kwa meza kuangalia nani yupo," akasema, "mfumo tumeununua wa nini?"

Nikarudi stoo, nikakaa, nikaendelea kutokuwepo.

Onyo la pili halikuchelewa. La tatu lilikuwa ni kufukuzwa, na hilo mimi nisingeweza kulimudu. Nilikuwa naishi na Mama. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho moja, la pili linasubiri zamu yake, na matibabu yote yalikuwa yanapitia kwenye bima ya kazini kwangu. Nikipoteza kazi, jicho la Mama nalo limepotea. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo.

Nikamfuata fundi mmoja wa vifaa vya kompyuta. Nikamweleza shida yangu. Hakucheka, akanyanyua laptop akaigonga kwa kidole.

"Humu ndani mna kadi ya waifai, kadogo, kamefichwa chini ya plastiki. Kwa ukuta huo unaonisimulia hakawezi kitu. Tukape msaada wa nje."

Akatoa kidubwasha cheusi cha kuchomeka kwenye USB, kina antena mbili ndefu zimesimama kama masikio ya punda.

"Chomeka hii. Weka programu yake. Halafu zima ile kadi ya ndani, zisije zikagombania waifai. Na usiilaze mezani. Tumia waya mrefu, ipandishe juu, antena zitazame waifai inakotokea."

"Inafika mbali?"

"Kaka, hii ukiizubalia itakuletea waifai ya watu usiowajua."

Kesho yake nikaipandisha juu ya kabati refu kuliko yote, nikaibana kwa selotepu. Nikageuza antena huku, hamna kitu. Nikageuza kule, kamstari kamoja. Nikazilaza kidogo kuelekea mlangoni, vikaja viwili. Nikafungua ukurasa wa mfumo.

Kijani!

Nilicheza peke yangu, katikati ya mafaili ya watu walioungua.

Ingeishia hapo ningekuwa sina cha kukusimulia. Ila mchana mmoja nilikwenda nyumbani kumwekea Mama dawa ya jicho, na kwa sababu nilikuwa na dai la haraka, nikabeba laptop na kile kidubwasha. Nikakining'iniza kwenye nondo za dirisha bila kufikiria sana. Nilitaka kutumia intaneti ya simu yangu.

Laptop haikunisubiri. Ikajiunga yenyewe na waifai ya ofisi. Mistari yote imejaa!

Kumbe boksi la waifai la ghorofa ile lilifungwa karibu na dirisha la ngazi, upande wa kichochoro. Nikiwa stoo, kati yangu na boksi kuna makabati na kuta. Nikiwa nyumbani, tunatazamana uso kwa uso, dirisha kwa dirisha. Maana yake ni kwamba kwangu nilikuwa nipo kazini zaidi kuliko nikiwa kazini.

Nikaitazama nukta ya kijani. Nikamtazama Mama. Nikaona isiwe taabu.

Mapumziko ya chakula yakanyooka mpaka saa tisa. Baadaye yakaanza kabla ya chakula. Mwishowe kuna siku nilikuwa siendi kabisa. Na kazi nafanya, tena vizuri, madai hayalali. Stoo hakuna aliyekuwa anafika, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba hakuna mtu.

Kulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote. Bi Nukta akasimama mbele akasema, "Mwigeni Bwana Stoo. Alikuwa mtoro sugu, sasa anaongoza kampuni nzima kwa mahudhurio." Wakanipigia makofi.

Hayo nilisimuliwa na dada wa mapokezi kwa meseji: "Hongera, umesifiwa. Mbona sikukuona ukumbini?"

Nikamjibu: "Nilikaa nyuma."

Nilijiona nimeyapatia maisha, wewe acha tu.

Sasa njoo siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi iliyochangamka, Mama kakaa kitandani anasikiliza redio, mimi nipo mezani na bukta yangu na kikombe cha chai. Nikasikia king'ora cha ofisini. Nikachungulia. Moshi mweusi ulikuwa unatoka madirisha ya ghorofa ya kwanza, kwenye chumba cha mitambo ya umeme.

Uelewe kwanza jambo moja. Tulikuwa tumefundishwa na Bi Nukta mwenyewe: moto ukitokea, funga laptop yako utoke nayo, maana ukiiacha mfumo utahesabu upo ndani. Basi siku ile watu walitoka kwenye moto wamekumbatia laptop vifuani kama watoto wachanga. Kuna waliosahau viatu. Laptop hakuna aliyesahau.

Nami nikasema kimoyomoyo, Mungu mkubwa, leo nimeponea chupuchupu. Nikanywa funda la chai.

Macho yangu yakaenda kwenye laptop yangu. Iko wazi mezani, boksi la waifai la ofisini lina betri yake na bado linafanya kazi, na nukta yangu inawaka kijani.

Simu ikaita. Bi Nukta.

"Wewe uko wapi? Wote wameshatoka, nukta yako tu ndiyo imebaki!"

"Bi mkubwa, mimi..."

"Usiongee, utameza moshi! Lala chini. Ziba pua na nguo. Nakuja kukutoa."

Hapo alitulia, kama anavuta pumzi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: nyumbani. Neno fupi, hata mtoto analiweza.

Likanikwama. Niliwaza onyo la tatu, nikawaza jicho la Mama.

Simu ikakatika.

Nikampigia. Inaita, hapokei. Nikapiga tena. Hapokei.

Akili ikanijia, na akili yenyewe ndiyo hiyo iliyokwisha kuharibiwa na mfumo. Nikajisemea, nukta ikizima, wataona nimetoka, watamwambia arudi. Nikachomoa kidubwasha dirishani, nikafunga laptop kwa kishindo.

Ndipo nikamwona. Alikuwa anavuka ua wa nyuma wa ofisi, kajifunga kitambaa usoni, mikono mitupu, hana tableti, hana laptop. Akavuta mlango wa nyuma. Moshi ukamtokea usoni. Akainama, akaingia.

"Bwana Stoooo!" nikasikia sauti yake kwenye ngazi.

Mwanamke aliyekataa kutembea korido moja kuja kuniona nikiwa mzima, anakuja sasa kwenye moto.

"Kuna nini huko?" Mama akauliza. Jicho moja lina bandeji, la pili haoni mbali.

"Ofisini kunaungua, Mama."

"Na huyo anayeita, anamtafuta nani?"

"Mimi."

Mama akazima redio. Akaelewa mambo ambayo nilikuwa sijamwambia.

"Basi nenda wakupate," akasema.

Nikatoka mbio. Ua wa ofisi una ukuta wenye vipande vya chupa juu, huku nyuma hakuna pa kupita, ikabidi nizunguke kichochoro chote hadi mbele. Kandambili moja ilibaki njiani.

Nilipofika mbele, gari la zimamoto limeshafika, na watu wanapiga makofi.

Ndiyo, makofi!

Mkurugenzi ameinua juu tableti ya Bi Nukta. "Hesabu imekamilika!" anapaza sauti. "Nukta zote zimezima! Hakuna mtu ndani!" Mkubwa wa zimamoto akawaambia vijana wake wasiingie, wapige maji kutokea nje.

Ile nukta ya mwisho niliizima mimi.

"Bwana Stoo huyo!" mtu akapiga kelele. "Katoka!" Wakanikumbatia. Dada wa mapokezi analia begani kwangu.

"Bi Nukta yuko ndani!" nikasema.

Mkurugenzi akainamia tableti. "Bi Nukta? Hapana. Nukta yake ilizima mwanzo kabisa. Na laptop yake hii hapa, kamwachia dada ashike."

"Mzee, hiyo ni laptop! Siyo yeye!"

"Tulia kijana, umevuta moshi. Mpeni maji."

"Basi mwiteni! Kama yupo hapa si ataitika?"

Wakageuza shingo huku na huku. Mmoja akasema alimwona sasa hivi, mwingine akasema labda kaenda kupiga simu. Wote walikuwa wanarudi kuitazama ile tableti.

Mkubwa wa zimamoto akanijia. "Nani kamwona akiingia?"

"Mimi."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

Kampuni nzima ilikuwa inanisikiliza. Mkurugenzi, wahasibu, mlinzi, wote. Safari hii neno halikukwama.

"Nyumbani kwangu. Ng'ambo ya kichochoro. Nimemwona kutoka dirishani. Mimi sikuwemo ndani, sikuja kazini leo. Kaingia kunitafuta mimi."

Dada wa mapokezi akaniachia bega.

Yule mkubwa hakushughulika na utoro wangu. "Mlango upi?"

"Wa nyuma. Panda ghorofa ya pili, mwisho wa korido, chumba cha mafaili."

Wakaingia wawili wenye mitungi ya hewa mgongoni.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Sikumbuki niliomba nini, nakumbuka tu nilimwahidi Mungu vitu vingi nisivyoweza kuvitimiza. Kazi nilishaizika. Nilichokuwa nataka ni yule mama atoke aniandikie onyo la tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Wakatoka naye wamembeba. Mweusi tii kwa masizi, anakohoa kama kifua kitapasuka, lakini anakohoa. Mtu akikohoa yu hai. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Walipompitisha karibu yangu kuelekea kwenye gari la wagonjwa, akafumbua macho. Akaiona bukta. Akaiona kandambili moja. Akanitazama usoni, safi, bila hata chembe ya masizi.

Akafumba macho.

Siku ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, nilivaa suti. Nilitaka angalau nifukuzwe nikiwa nimependeza.

Mkurugenzi akasoma. "Mfumo unaonyesha ulikuwa ndani tangu asubuhi. Moto ukatokea ukiwa ndani. Ukatoka muda mfupi kabla hatujakuona pale mbele."

"Siyo kweli, mzee. Nilikuwa nyumbani. Kuna kifaa nimechomeka kwenye laptop, kinavuta waifai ya hapa mpaka kwangu."

Akawageukia wajumbe. "Mnaona? Daktari alisema moshi unaweza kumchanganya mtu."

"Mzee, nilikuwa na bukta!"

"Joto lilikuwa kali. Mtu anavua."

"Kandambili je?"

"Katika kukimbia mtu anavaa chochote anachokikuta."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi ambaye maisha yangu yote nimelipwa kutoamini watu, nasema ukweli mtupu, kila anayenisikia anaona naweweseka. Nilianza hata mimi kujitilia shaka.

"Tumsikie msimamizi wa mfumo," mkurugenzi akasema.

Bi Nukta alikuwa kakaa pembeni, sauti imebaki kama ya jogoo mwenye mafua. Yeye ndiye aliyekifikia kiti changu kule stoo. Yeye ndiye pekee aliyekuwa anajua. Nikainamisha kichwa nisubiri rungu.

"Mfumo unasema alikuwepo," akasema. "Mimi siwezi kubishana na mfumo."

Basi. Nikapewa cheti cha ushujaa. Kwa kutoka salama kwenye jengo ambalo sikuwemo, kisha kumwokoa mwenzangu. Picha yangu iko mapokezi, mwenye swali aende akaitazame.

Nilimfuata koridoni.

"Bi mkubwa, kwa nini umenifanyia hivyo?"

Akasimama, akashika ukuta apumue.

"Nilifika kwenye kile chumba chako," akasema. "Moshi, sioni kitu. Nikapapasa kiti, kitupu. Nikapapasa chini ya meza. Nikadhani nimeingia chumba kingine, maana nilikuwa sijawahi kufika. Ndiyo sababu nilichelewa kutoka. Nilirudi kuanza kutafuta upya, chumba kwa chumba."

Nikashindwa kumtazama.

"Zile siku nilizokuandikia maonyo," akauliza, "ulikuwa umekaa pale pale?"

"Zote."

Akakohoa, akajifuta macho. Sijui ni kwa kukohoa au kwa nini.

"Nimeongopa mara mbili kwamba hukuwepo. Wacha niongope mara moja kwamba ulikuwepo."

Akaanza kuondoka. Nikamwita, nikamweleza habari za Mama na dawa ya jicho, nikaomba ruhusa ya kutoka kila mchana. Niliomba kwa mdomo. Akaitikia kwa mdomo: "Nenda." Ilichukua muda mfupi kuliko kuweka ile programu ya kifaa.

Funzo? Mnapenda mafunzo, haya chukueni. Kompyuta inajua laptop iko wapi. Kama unataka kujua mtu yuko wapi, nyanyuka ukamwangalie, tena kabla hakujaungua.

Mfumo upo mpaka leo na nukta zake zinawaka. Ila kila asubuhi nasikia viatu koridoni, taratibu, maana kifua chake hakijapona sawasawa. Bi Nukta anafungua mlango wa stoo, ananitazama, tunasalimiana, anafunga anakwenda zake. Wakati mwingine anarudi tena saa kumi, bila taarifa.

Sijatoroka tangu siku ile. Mfumo wa kampuni nzima niliushinda kwa kidubwasha cha dukani, lakini mama anayekuja kwa miguu yake kukuangalia kama upo, huyo simwezi.